Wenzetu sita wameugua saratani katika maabara moja: je, ni kazi au ni sadfa?

Mpendwa Daktari,

Pokea salamu zangu kutoka Nairobi. Mimi ni mtaalamu wa maabara mwenye umri wa miaka 43, na kwa miaka 14 sasa nimefanya kazi katika taasisi moja ya utafiti hapa jijini, ambayo nakuomba uniruhusu nisiitaje. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo ambalo kazini tunalisema kwa kunong'ona tu, na kunong'ona kumenichosha.

Tangu mwaka 2016, watu sita niliowahi kufanya kazi nao wameugua saratani. Wa kwanza alikuwa mama aliyesafisha jengo, ambaye alipatikana na saratani ya mlango wa kizazi. Akafuata mwenzangu wa kitengo cha jeni, aliyeugua saratani ya matiti akiwa na miaka 41, kisha mhasibu wetu wa orofa ya chini, naye ya matiti, akiwa na miaka 52. Dereva wetu, aliyekuwa akileta sampuli kutoka Machakos na Kitui, alifariki kwa saratani ya umio mwaka 2020. Lakini wawili wa mwisho ndio walioniondolea usingizi. Kijana wa miaka 34, aliyekuwa akikata na kupaka rangi vipande vya tishu katika chumba cha mwisho cha orofa ya pili, aliambiwa mwaka 2022 kwamba ana saratani ya damu, na hakumaliza miezi minane. Nafasi yake ilichukuliwa na dada aliyekuwa msaidizi katika chumba hicho hicho tangu 2015, na mwaka jana naye akaambiwa ana saratani ya damu. Ana miaka 36 na watoto wawili. Yuko wodini hivi sasa, nasi tunaendelea na harambee ya kumlipia bili.

Chumba chao hutumia kila siku fomalini, ya kuhifadhia tishu, na zailini, ya kuziandaa. Kina kabati la kufyonza mvuke, lakini feni yake iliyo juu ya paa iliharibika mwaka 2019 na haijatengenezwa hadi leo. Kwa hiyo mara nyingi wenzetu huhamishia kazi ya fomalini katika kabati la usalama wa kibayolojia la chumba jirani, kwa kuwa hilo lina kichujio kizuri na cheti chake cha ukaguzi bado hakijaisha muda. Katika kitengo changu tunatumia kemikali za fenoli, klorofomu na ithidiamu bromidi. Wazee wa kazi husema pia kwamba miaka mingi iliyopita, kabla sijaajiriwa, kulikuwa na kazi ya iodini yenye mionzi katika orofa hiyo.

Tulipoliuliza jambo hili katika mkutano, mkuu wetu alijibu kwamba saratani iko kila mahali siku hizi, akatusihi tusiliharibu jina la taasisi mbele ya wafadhili. Baadhi ya wenzangu wanasema jengo lina mkosi, na mchungaji aliitwa akaliombea. Sidharau maombi, nami niliinamisha kichwa pamoja na wengine, lakini nilirudi nyumbani na maswali yale yale. Je, ni maabara inayotuua? Ni nani mwenye wajibu wa kuchunguza? Je, niache kazi? Na wanafunzi wanne wanaokuja mwezi Mei kwa mafunzo ya nyanjani, je, niwapokee na kuwapeleka katika chumba kile huku moyo wangu ukinisuta?

Mimi niliyekosa amani,
Orofa ya Pili, Nairobi

*

Dada mpendwa,

Pole kwa wenzako, waliotangulia na wanaougua. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama mahali pale pale, yaani katika sentensi ile uliyosema kwamba feni iliharibika mwaka 2019. Umeniuliza kwanza kama ni maabara iliyowaletea wenzako saratani, nami nitakujibu kwa urefu, kwa kuwa swali hilo linastahili. Hata hivyo kuna swali la pili lililofichwa ndani ya barua yako, nalo ni kama kazi inayofanywa leo katika chumba kile ni salama. Maswali haya mawili si ndugu pacha. La kwanza linaweza kuchukua miaka na lisipate jibu kamwe, ilhali la pili linaweza kujibiwa wiki hii, na kosa kubwa linalofanywa katika mambo kama haya ni kuliacha la pili lisubiri la kwanza.

Nianze na wale sita. Saratani si ugonjwa mmoja, bali ni jina la jamii ya magonjwa mengi yenye vyanzo mbalimbali, na kitu kinachosababisha saratani kazini kwa kawaida husababisha aina moja au aina chache zinazokaribiana. Saratani ya mlango wa kizazi, aliyougua mama wa usafi, karibu kila mara hutokana na virusi vya papiloma. Saratani ya umio ni miongoni mwa zile zinazoongoza nchini Kenya, na ukanda huu wote wa mashariki mwa Afrika unajulikana kwa kuwa nayo nyingi, hata miongoni mwa watu ambao hawajawahi kuingia katika maabara, na dereva wenu muda wake mwingi alikuwa barabarani. Saratani ya matiti ndiyo inayowapata wanawake wengi zaidi nchini, na kati ya wale wawili uliowataja mmoja alikuwa mhasibu wa orofa ya chini. Sisemi haya ili kuwapunguzia thamani watu hao wanne. Ninachosema ni kwamba magonjwa yao hayaelekezi kidole upande mmoja.

Kwa makadirio ya shirika la kimataifa linalotafiti saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, mtu mmoja kati ya kila watano duniani hupata saratani katika maisha yake, na kwa Kenya pekee makadirio ya mwaka 2020 yalikuwa wagonjwa wapya 42,116 na vifo 27,092. Mahali popote palipo na wafanyakazi wengi kwa miaka mingi, pawe benki, shule au kituo cha polisi, watakuwapo waliougua. Wanaochunguza mambo haya huonya dhidi ya mpiga shabaha anayefyatua risasi ovyo ukutani, kisha akaenda na chaki kuchora duara mahali risasi zilipojikusanya. Tukiwahesabu wagonjwa kwanza, halafu tukachora mpaka wa jengo, wa orofa au wa miaka ili uwakumbatie, tutaona mkusanyiko hata pale ambapo hakuna kitu zaidi ya bahati.

Baada ya kusema hayo, sikubaliani na mkuu wako. Kauli yake kwamba saratani iko kila mahali inawajibu wale wanne, lakini haiwajibu wale wawili wa chumba cha mwisho. Saratani ya damu si ya kawaida kwa watu wa miaka 34 na 36, na hapa wawili wamepatikana ndani ya muda mfupi, wakiwa wamefanya kazi ile ile katika chumba kile kile. Tena kazi yenyewe ni ya fomalini. Fomaldehaidi, iliyomo ndani ya fomalini, iliwekwa na wanasayansi wa shirika hilo la kimataifa katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kuleta saratani kwa binadamu mwaka 2004, kwa sababu ya saratani ya sehemu ya juu ya koo nyuma ya pua, na walipoutazama ushahidi upya mwaka 2009 wakaongeza saratani ya damu. Kemikali nyingine, benzini, ina ushahidi mzito zaidi, na katika maabara za tishu za zamani ilitumika kufanya kazi ambayo leo hufanywa na zailini. Mtu akikuambia kwamba jambo kama hili halifai hata kuulizwa, huyo hakutendei haki.

Kitu cha kwanza kinachotakiwa kujulikana, kabla ya hesabu yoyote, ni aina kamili ya ugonjwa wa kila mmoja wao. Maneno "saratani ya damu" yanakusanya maradhi kadhaa. Kuna inayoanzia katika uboho na kushambulia kwa kasi, ambayo ndiyo inayohusishwa zaidi na benzini, mionzi na fomaldehaidi, kuna ya tezi za limfu, na kuna ya seli za plazma. Ikiwa kijana yule alikuwa na ya aina ya kwanza na dada aliye wodini ana ya aina nyingine kabisa, picha inabadilika sana. Ikiwa wote wawili wana aina moja, picha inakuwa nzito. Jibu limo katika ripoti za patholojia, yaani za uchunguzi wa tishu, na za uboho, na wenye haki ya kuzitoa ni mgonjwa mwenyewe na familia ya marehemu. Usizitafute kwa njia ya rafiki yako aliye hospitalini. Taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na zaidi ya sheria kuna utu, kwa maana dada yule hakuugua ili awe ushahidi wetu. Mwombeni kwa upole, mmweleze sababu, na akikataa mheshimu.

Muda nao una sauti yake. Uvimbe mwingi mgumu, kama wa matiti au wa mapafu, huchukua miaka 10 na zaidi tangu mtu akutane na kisababishi hadi ugonjwa uonekane, wakati saratani ya damu inaweza kutokea mapema zaidi. Miongoni mwa walionusurika mabomu ya atomiki ya mwaka 1945 nchini Japani, saratani ya damu ilianza kuongezeka baada ya miaka michache tu. Dada yule ameugua akiwa na takribani miaka kumi ndani ya chumba, kwa hiyo muda haupingani na shaka yako, ingawa hauithibitishi. Kwa hao wawili ningependa kujua tarehe ya kuingia chumbani, saa za kazi kwa siku, na kama waliwahi kutibiwa kwa mionzi au kwa dawa kali za saratani hapo awali, kwa kuwa matibabu hayo yenyewe huweza kuleta saratani ya damu baadaye.

Ningependa pia ujue jinsi uchunguzi wa aina hii ulivyokwisha kwingineko, ili usivunjike moyo njiani wala usidanganywe. Mwaka 1974, katika kiwanda cha plastiki cha kampuni ya B.F. Goodrich mjini Louisville, Marekani, daktari John Creech aligundua kwamba wafanyakazi watatu walikuwa wamekufa kwa saratani ya mishipa ya damu ya ini, ugonjwa adimu mno hata katika taifa zima. Haikuhitajika hesabu ndefu. Watu walikuwa wachache, ugonjwa ulikuwa mmoja na nadra, na kazi yao ilikuwa moja, ya kusafisha matangi yaliyokuwa na gesi ya vinili kloridi. Chanzo kilijulikana, na viwango vya gesi hiyo viwandani vikateremshwa kwa kishindo.

Maabara za utafiti hazijapata majibu mepesi namna hiyo. Katikati ya miaka ya 1980, katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris, watafiti kadhaa waliugua saratani wakiwa bado na umri mdogo, baadhi yao aina zisizoonekana mara kwa mara, na wasiwasi ukaenea katika maabara za baiolojia za dunia nzima. Wafanyakazi wa taasisi hiyo walifuatiliwa, na kutoka Lyon, makao ya shirika lile la kimataifa nchini Ufaransa, ukaratibiwa utafiti mkubwa uliowahusisha wafanyakazi wa maabara wa nchi kadhaa za Ulaya. Kwa jumla wafanyakazi hao walikufa kwa kiwango cha chini kuliko raia wenzao, huku aina chache za saratani zikionekana kuzidi hapa na pale, na hakuna kemikali moja iliyosimamishwa kuwa mkosaji. Huko Manchester, Uingereza, hofu ilizuka kuhusu jengo ambalo mwanafizikia Ernest Rutherford alilifanyia majaribio ya mionzi mwanzoni mwa karne ya 20, baada ya watu waliofanya kazi humo miaka mingi baadaye kufa kwa saratani. Profesa David Coggon aliongoza uchunguzi huru, na mwaka 2009 akahitimisha kwamba masalia ya majaribio yale hayakuelekea kuwa ndiyo yaliyosababisha vifo hivyo.

Mfano ninaoupenda zaidi si wa maabara. Katika studio za shirika la utangazaji la Australia, ABC, zilizokuwa Toowong mjini Brisbane, wanawake waliofanya kazi hapo kati ya 1994 na 2006 walipatikana na saratani ya matiti kwa kiwango kilichokuwa takribani mara sita ya kile kilichotarajiwa. Jopo la wataalamu likiongozwa na Profesa Bruce Armstrong lilipima mionzi, likapima kemikali, likahoji, na halikupata chanzo. Hata hivyo mwaka 2006 studio zilifungwa na wafanyakazi wakahamishwa. Tafakari uamuzi huo, dada. Hawakungoja kumjua mwizi ndipo wafunge mlango.

Nakueleza haya kwa sababu mapitio yaliyochapishwa mwaka 2012, yaliyotazama uchunguzi 428 wa mikusanyiko ya saratani uliofanywa Marekani katika muda wa takribani miaka 20, yalikuta kwamba chanzo bayana kilipatikana katika mmoja tu. Ukiwaambia wenzako kwamba uchunguzi utatoa jibu la ndiyo au la, utawapa ahadi ambayo huwezi kuitimiza, na siku jibu litakaporudi likiwa "hatukuweza kubaini," wataamini kuna jambo limefichwa. Waambie mapema.

Hesabu yenyewe ni rahisi kueleza na ngumu kuifanya vizuri. Mtaalamu wa epidemiolojia, yaani elimu ya kuenea kwa magonjwa, hataanza na wagonjwa. Ataanza na orodha ya kila mtu aliyewahi kufanya kazi katika jengo lenu tangu tarehe fulani, pamoja na vibarua, wanafunzi, na wale walioacha kazi wakahamia Kisumu au Kanada, akiandika umri, jinsia, chumba na miaka ya kila mmoja, kwa kuwa ukiwahesabu wagonjwa bila kuwahesabu wazima umepima nusu ya mzani. Kisha atauliza, kwa watu wa umri huu, kwa miaka yote hii ya kazi, wagonjwa wangapi wangetarajiwa kama wangekuwa wakazi wa kawaida wa Nairobi? Kwa bahati njema mji wetu una Rejista ya Saratani ya Nairobi, iliyo chini ya Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, ambayo takwimu zake zinaweza kutumiwa kulinganisha. Chukua mfano wa kubuni. Kama watu 80 wamefanya kazi kwa miaka 10, hiyo ni miaka 800 ya kazi, na kama saratani ya damu ya aina fulani huwapata watu 5 katika kila laki moja kwa mwaka, basi wanaotarajiwa ni 0.04, na ninyi mmewaona wawili. Inaonekana pengo kubwa mno, na kweli linatosha kuanzisha uchunguzi. Hata hivyo mtaalamu mwaminifu atakukumbusha kwamba jengo lenu limehesabiwa kwa sababu wagonjwa walikwisha kuonekana, ilhali maabara elfu kadhaa duniani hazikuhesabiwa kwa kuwa hazikuwa na mgonjwa, na kwamba idadi ndogo kama mbili huyumbishwa na kisa kimoja tu. Atakuambia pia kwamba walioajiriwa kwa kawaida wana afya bora kuliko jamii kwa jumla, maana waliokuwa wagonjwa sana hawakuajiriwa. Kwa hiyo hesabu inayoonyesha kwamba mko sawa na raia wengine inaweza kuficha madhara. Ni vyema zaidi waliofanya kazi katika chumba cha tishu walinganishwe na wenzao wa ofisini wa taasisi ile ile.

Sasa nije kwenye chumba chenyewe, kwa kuwa hapa sina shaka yoyote. Kuhamishia kazi ya fomalini katika kabati la usalama wa kibayolojia ni kosa, na likome leo. Najua limefanywa kwa nia njema, na cheti cha kabati hilo ni halali, lakini cheti hicho kinathibitisha kazi nyingine. Kichujio chake hunasa chembe, yaani bakteria, virusi na vumbi, na mvuke wa fomaldehaidi, wa zailini au wa klorofomu hupita ndani yake kama maji yanavyopita katika chujio la chai. Katika makabati ya aina inayotumika zaidi, sehemu kubwa ya hewa, takribani asilimia 70, hurudishwa ndani ya kabati, na inayobaki hutolewa, mara nyingi ndani ya chumba kile kile mnachopumulia. Maana yake ni kwamba mwenye kazi anajiona amejikinga huku akiwagawia mvuke wenzake wa chumba jirani. Kama katika kitengo chako mnachanganya fenoli na klorofomu ndani ya kabati kama hilo, nanyi acheni.

Kabati la kufyonza mvuke linatakiwa kuvuta hewa usoni pake na kuitoa nje ya jengo, na kasi inayokubalika kwa kawaida ni karibu nusu mita kwa sekunde. Bila feni, lile ni sanduku tu lenye kioo. Bandika kipande chembamba cha karatasi ya shashi kwenye ukingo wa kioo. Kikivutwa ndani, kuna dalili ya uhai, na kikining'inia, usifungue chupa. Jaribio hilo halichukui nafasi ya kipimo cha fundi, lakini halina gharama na linaweza kufanywa kila asubuhi. Usitegemee pua, kwa sababu pua huzoea, na aliyekaa na fomalini miaka mitano atakuambia kwa dhati kwamba haisikii. Kinachotakiwa ni kupima hewa, na kuipima mahali mtu anapopumulia wakati kazi imepamba moto, si chumba kikiwa kitupu siku ya Jumamosi. Marekani huweka kikomo cha kisheria cha sehemu 0.75 za fomaldehaidi katika milioni kwa wastani wa saa nane, na mashirika ya kitaalamu hupendekeza kiwango cha chini zaidi ya hapo.

Kuhusu vitu vingine ulivyovitaja, ithidiamu bromidi huweza kubadili jeni katika majaribio ya maabara, na inafaa kushikwa kwa glavu na kutupwa ipasavyo, lakini shirika lile la kimataifa halijaiweka katika orodha ya vinavyoleta saratani kwa binadamu. Iodini yenye mionzi ya zamani inanipa wasiwasi mdogo kuliko unavyodhani, kwa kuwa aina inayotumika sana maabara hupungua kwa nusu kila baada ya siku 60, na ile ya hospitalini kila baada ya siku 8, kwa hiyo baada ya miaka mingi hakuna kilichobaki cha kuhofia, na wala hakuna mgonjwa wa tezi la shingo, ambako iodini hujikusanya, katika orodha yako. Hata hivyo taasisi inapaswa kuwa na kumbukumbu za kibali, na Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia ya Kenya ndiyo inayosimamia mambo hayo.

Uliuliza ni nani mwenye wajibu. Chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, ni mwajiri. Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi panatakiwa kuwa na kamati ya usalama na afya yenye wawakilishi wa wafanyakazi, na hapo ndipo pa kuanzia. Andikeni barua, kwa jina la kamati na si kwa jina lako peke yako, muombe mambo manne: feni itengenezwe, kazi ya fomalini isimame hadi itengenezwe, hewa ipimwe na mtaalamu wa nje, na mtaalamu wa epidemiolojia aalikwe kuvitazama visa hivi. Wekeni tarehe. Msiandike kwamba maabara imeua watu, kwa kuwa hamjui hivyo, na barua inayosema zaidi ya inavyojua hupewa wakili badala ya fundi. Mkipuuzwa, nendeni katika Kurugenzi ya Huduma za Usalama na Afya Kazini, ambayo maofisa wake wana mamlaka ya kuingia na kukagua. Sheria hiyo hiyo inamkataza mwajiri kumwadhibu mfanyakazi kwa kulalamikia hatari, na kwa ajili hiyo weka nakala ya kila barua, yenye muhuri wa kupokelewa.

Familia za wale wawili waambiwe kwamba Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inayahusu pia magonjwa yatokanayo na kazi. Sisemi watafaulu. Nasema wasikawie kutafuta ushauri wa wakili, na daktari anayemtibu dada aliye wodini aambiwe bayana alikuwa akifanya kazi gani na kwa kutumia nini, maana madaktari wengi huandika "mfanyakazi wa maabara" na kuishia hapo. Harambee zenu ni tendo la upendo, lakini haifai mchango wa wenzake ulipie kile ambacho huenda mwajiri anapaswa kukilipa.

Usiache kazi kwa sababu ya barua hii. Wewe uko kitengo kingine, na hofu yako haikupi ugonjwa. Ukiweza, muone daktari wa afya kazini aliyeidhinishwa na Kurugenzi, umweleze historia yako ya kemikali, na ufanye vipimo vya matiti na vya mlango wa kizazi kama mwanamke yeyote wa umri wako anavyoshauriwa. Usikubali mtu akuuzie rundo la vipimo vya kutafuta saratani mwili mzima, kwa kuwa huzaa hofu nyingi na majibu machache. Kama kuna mwenzenu mjamzito katika chumba cha tishu, ahamishwe sasa hivi bila mjadala.

Wanafunzi wa mwezi Mei wapokee, ukawafundishe kazi yako vizuri, wakiwa upande wako wa jengo. Katika chumba cha mwisho wasiingie. Mwambie mkuu wako hivyo kwa heshima na kwa maandishi, na akikuuliza ni nani aliyekupa ruhusa ya kukataa, mwonyeshe karatasi ya shashi iliyoning'inia kwenye kioo. Ripoti za patholojia zikipatikana, niandikie tena, uniambie ni aina gani, na kama feni imeanza kuzunguka.